Omu, wati na desibeli: namna ya kubadilisha spika ya amplifaya ya gitaa mwenyewe

Miongoni mwa wapiga gitaa ni nadra kuona kazi ndogo inayozua mabishano makubwa kama kubadilisha spika ya amplifaya. Mmoja atasema spika yoyote ya inchi 12 inatosha maadamu inaenea kwenye tundu la boksi; mwingine atashikilia kwamba wati zikiongezeka, sauti nayo itaongezeka; wa tatu ataonya kwamba kupishanisha waya chanya na hasi kunaunguza amplifaya. Kauli zote tatu si sahihi. Mbili za mwisho zinatokana na kutojua kazi ya kila alama iliyoandikwa nyuma ya spika, na ile ya kwanza inatokana na kudhani kwamba spika zote ni za jamii moja. Kazi yenyewe ya mikono, yaani kufungua skrubu, kutoa spika ya zamani na kuunganisha waya mbili, inawezekana kwa mtu yeyote mwenye bisibisi na utulivu. Ugumu uko katika kuchagua, na ndiyo maana makala haya yatachukua muda mrefu kabla ya kufika kwenye bisibisi.

Tuanze na maana. Amplifaya ni kifaa kinachopokea mawimbi dhaifu ya umeme kutoka kwenye gitaa na kuyaongezea nguvu, na spika ni kifaa kinachogeuza umeme huo kuwa mtikisiko wa hewa. Ndani ya spika mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa kwenye bomba fupi jepesi, ambayo hukaa ndani ya mwanya finyu wa sumaku bila kuigusa. Umeme unapopita kwenye koili, koili husukumwa mbele na nyuma, na kwa kuwa imeshikamanishwa na koni ya karatasi, koni nayo husukuma hewa. Muundo huu haujabadilika sana tangu Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walipoueleza mwaka 1925. Kutokana na muundo huo, spika hufa kwa njia mbili kuu: ama koili huungua au kukatika kwa sababu ya joto, ama koni na vishikizi vyake huchanika, hulegea au hupinda hadi koili ikaanza kusugua sumaku.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba mgonjwa ni spika kweli. Mlio wa kukwaruza unaweza kutoka kwenye skrubu iliyolegea, kwenye kitambaa cha mbele kilichobanduka, au kwenye valvu, yaani ile taa ya kioo inayokuza umeme ndani ya baadhi ya amplifaya, inayotikisika katika soketi yake. Njia ya uhakika zaidi ni kuunganisha amplifaya hiyo na boksi jingine la spika lenye omu zilezile, kipimo tutakachokieleza hivi punde. Mkwaruzo ukiendelea, basi kubadilisha spika ni kutupa fedha. Ukiwa umezima kila kitu, unaweza pia kuweka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni, karibu na kitovu chake, na kuisukuma ndani taratibu na kwa usawa. Koni nzima husogea kimyakimya. Ukisikia au ukihisi msuguano kama wa kitu kinachoparuza, koili imepinda au imevimba kwa joto. Spika iliyonyamaza kabisa ipimwe kwa mita: ikiwa mita inaonyesha kwamba hakuna njia ya umeme kati ya ncha zake mbili, koili au nyaya zake laini zimekatika. Mpasuko mdogo wa karatasi, kwa upande mwingine, si hukumu ya kifo, kwani unaweza kuzibwa kwa karatasi nyepesi na gundi isiyokakamaa inapokauka.

Sasa tuje kwenye omu, alama ya Ω, kwa sababu hiyo ndiyo namba inayoweza kuua amplifaya. Omu ni kipimo cha kiasi ambacho spika inakinza umeme unaotoka kwenye amplifaya. Spika nyingi za gitaa huandikwa 4, 8 au 16. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba spika iliyoandikwa 8 ikipimwa kwa mita huonyesha kama 6 au 7, na ile ya 16 huonyesha kama 12 au 13. Hiyo si kasoro wala si udanganyifu wa muuzaji. Mita hupima ukinzani wa waya peke yake kwa umeme usiobadilika mwelekeo, ilhali muziki ni umeme unaobadilika mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na kwa umeme wa aina hiyo spika hukinza zaidi, tena kwa kiwango kinachotofautiana kati ya noti nzito na noti nyembamba. Namba iliyoandikwa ni makadirio ya jumla tu ambayo watengenezaji wamekubaliana kuyatumia.

Madhara ya kukosea omu hutegemea kama amplifaya yako ni ya valvu au ya transista, yaani kipuri kidogo kinachofanya kazi ya valvu bila kioo, na hapa ndipo ushauri sahihi kwa mtu mmoja unapogeuka kuwa hatari kwa mwingine. Amplifaya ya valvu huwa na transfoma kati ya valvu na spika, na kazi ya transfoma hiyo inafanana na ya gia za baiskeli: valvu ni miguu ya mwendeshaji, transfoma ni gia, na spika ni mlima. Gia huchaguliwa ili miguu ikanyage kwa uzito inaoumudu. Mlima ukizidi, yaani omu zikiwa chache kuliko inavyotakiwa, miguu huchoka, na valvu huchakaa mapema. Lakini kibaya zaidi ni mnyororo kukatika wakati mtu anakanyaga kwa nguvu zake zote. Amplifaya ya valvu iliyowashwa na kupigwa bila spika yoyote huweza kupandisha volti ndani ya transfoma hadi kutoboa vihami vya nyaya zake, na transfoma hiyo ni miongoni mwa vipuri vya gharama kubwa katika amplifaya nzima. Kwa hiyo kanuni ya valvu ni kulinganisha: tundu lililoandikwa 8 liunganishwe na spika ya 8, na kamwe amplifaya isiwashwe ikiwa spika haijaunganishwa. Ni kweli kwamba amplifaya nyingi za valvu huvumilia tofauti ya hatua moja, kwa mfano 4 badala ya 8, lakini uvumilivu si ruhusa, na sioni sababu ya mtu anayenunua spika mpya kuutegemea.

Amplifaya ya transista, kwa kawaida, haina transfoma hiyo, na kanuni yake ni tofauti kabisa. Yenyewe huwa na kikomo cha chini: ikiandikwa kwamba omu zisipungue 4, basi 4, 8 na 16 zote ni salama, bali 2 itailazimisha itoe mkondo mkubwa kuliko transista zake zinavyomudu, ikachemka na pengine kuungua. Kuweka 8 mahali pa 4 hakuidhuru. Kinachotokea ni kwamba nguvu inayofika kwenye spika hupungua kwa takriban nusu, upungufu ambao, kama tutakavyoona, masikio huuona mdogo kuliko unavyosikika kwenye maneno.

Boksi likiwa na spika zaidi ya moja, hesabu haina budi kufanywa kwa jumla yake. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba, yaani chanya na chanya pamoja, hasi na hasi pamoja, jumla huwa 4. Zikiunganishwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, jumla huwa 16. Amplifaya ya Fender Twin Reverb, kwa mfano, ina spika mbili za omu 8 zilizounganishwa sambamba kwa sababu imeundwa kwa omu 4. Maboksi mengi ya Marshall yenye spika nne hutumia spika za 16 zilizounganishwa kwa mchanganyiko wa njia hizo mbili, na jumla hurudi kuwa 16 ileile. Anayebadilisha moja tu kati ya spika hizo hana budi kuweka yenye omu sawa na wenzake, kwa kuwa zikitofautiana hazitagawana nguvu sawasawa: spika ya 8 iliyo sambamba na ya 16 hubeba nguvu maradufu ya mwenzake.

Wati nazo zimezungukwa na uvumi mwingi kuliko namba nyingine yoyote. Wati zilizoandikwa kwenye spika hazielezi itatoa sauti kubwa kiasi gani, bali zinaeleza inaweza kupokea nguvu kiasi gani bila koili yake kuungua, kwani sehemu kubwa mno ya umeme unaoingia kwenye spika hugeuka joto na ni kidogo tu kinachogeuka sauti. Spika ya wati 100 haiiongezei nguvu amplifaya ya wati 20. Kinachotakiwa ni wati za spika, au jumla ya wati za spika zote zilizo kwenye boksi, zizidi wati za amplifaya, tena kwa nafasi ya kutosha. Amplifaya hupimwa wakati inatoa sauti safi, lakini mpiga gitaa akiifungua hadi sauti ichanike kwa makusudi, kama wengi wanavyopenda, nguvu inayotoka huweza kukaribia maradufu ya ile iliyoandikwa. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hushauri kwamba amplifaya yenye spika moja iwekewe spika yenye wati mara mbili ya zake. Kanuni hiyo si sheria ya mbinguni. Vox AC30, amplifaya ya wati 30, ilijipatia sifa ikiwa na spika mbili za Celestion za wati 15 kila moja, bila nafasi yoyote ya ziada, na wako wanaosema kwamba utamu wake unatokana na spika kufanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake. Kwa anayebadilisha spika kwa mara ya kwanza, hata hivyo, nafasi ya ziada ni bora kuliko utamu wa namna hiyo.

Namba inayoeleza ukubwa wa sauti ni ya tatu, desibeli, nayo ndiyo isiyosomwa na wengi. Watengenezaji huipima kwa kuipa spika wati 1 na kuweka maikrofoni umbali wa mita 1. Spika za gitaa za inchi 12 mara nyingi huwa kati ya desibeli 95 na 102 hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi mtu ajue kwamba kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu. Amplifaya ya wati 25 iliyounganishwa na spika ya desibeli 100 itasikika sawa na amplifaya ya wati 50 iliyounganishwa na spika ya desibeli 97. Kwa masikio, desibeli 3 ni ongezeko linalotambulika lakini la wastani. Ili sauti isikike imekuwa kubwa mara mbili, huhitajika kama desibeli 10. Anayetaka kusikika juu ya ngoma bila kununua amplifaya nyingine aiangalie namba hii kwanza, na anayefanya mazoezi nyumbani ausome ushauri huuhuu kinyumenyume: spika yenye desibeli chache humruhusu afungue volyumu zaidi bila kuwakera majirani.

Namba hizo tatu zikishaeleweka, linabaki swali la aina ya spika. Spika ya gari au ya redio imeundwa kutoa masafa yote ya muziki kwa uaminifu. Spika ya gitaa imeundwa kufanya kinyume, kwa kuwa sauti yake huanguka haraka baada ya hezi elfu tano hivi (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), na anguko hilo ndilo linaloifanya sauti iliyochanika isikike nene na yenye joto. Ukipitisha sauti ileile kwenye spika ya masafa yote utasikia mlio mkali kama wa nyuki waliochokozwa, hata kama omu na wati zote ni sahihi. Vilevile spika ya gitaa haifai kwa gitaa la besi, ambalo noti yake ya chini kabisa huwa na takriban hezi 41, nusu ya noti ya chini ya gitaa la kawaida yenye hezi 82; koni italazimika kusafiri mbali kuliko vishikizi vyake vinavyoruhusu. Ama kuhusu sumaku, ziko za alniko, za feriti na za neodimiamu. Ya mwisho ni nyepesi sana, jambo linalomfaa anayebeba amplifaya kila wiki, lakini kauli kwamba alniko daima ni tamu kuliko feriti haina msingi wa kutosha, kwani umbo na uzito wa koni vina usemi mkubwa katika sauti.

Jambo la mwisho kabla ya kununua ni vipimo vya mwili. Kipenyo cha inchi 8, 10 au 12 hupimwa kwenye fremu nzima, wala si kwenye karatasi. Pima pia kina, hasa ikiwa amplifaya na spika viko ndani ya boksi moja, kwa sababu sumaku kubwa inaweza kugota kwenye transfoma au kukaribia valvu mno. Watu hukumbuka kipenyo na kusahau kina, kisha hugundua kosa hilo wakati spika imeshatolewa kwenye katoni.

Siku ya kazi, chomoa plagi ukutani, usiishie kuzima swichi, na uziache valvu zipoe. Amplifaya ya valvu huhifadhi umeme wa mamia ya volti ndani ya kapasita zake hata baada ya kuchomolewa, na umeme huo unaweza kuua. Habari njema ni kwamba kubadilisha spika kwa kawaida hakuhitaji kufungua sanduku la chuma lenye sakiti. Ukijikuta unalifungua, simama, mwite fundi. Ondoa ubao wa nyuma, piga picha ya waya zilivyounganishwa, kisha zichomoe kwa kushika kibanio cha chuma, wala si waya wenyewe. Ikiwa zimelehemiwa, zikate karibu na spika au ziyeyushe kwa chuma cha lehemu. Laza boksi kifudifudi juu ya kitu laini ikiwa spika imefungwa kutoka nyuma, kama ilivyo kwa nyingi. Zile zilizofungwa kutoka mbele hulazimu kuondoa kwanza ubao wa kitambaa.

Hatari kubwa katika hatua hii ni bisibisi. Sumaku ya spika huivuta kwa nguvu ya kushangaza, na ikiteleza hutoboa karatasi mpya kabla haijatoa hata noti moja, kwa hiyo funika koni kwa kipande cha katoni muda wote unaofanya kazi karibu nayo. Zungusha spika mpya hadi ncha zake zielekee upande ambao waya zitafika bila kuvutwa. Kaza skrubu kwa mkono, kidogokidogo, kwa kuruka kutoka upande mmoja hadi upande wa pili ulio mkabala, mpaka fremu ikae bila kutikisika. Usitumie mashine ya kukazia. Fremu iliyokazwa kupita kiasi au upande mmoja hupinda, na koili huanza kusugua sumaku, yaani utakuwa umeitia spika mpya ugonjwa uleule wa ile uliyoitoa. Ukilehemu, kamilisha haraka, na kinga karatasi dhidi ya matone.

Kuhusu chanya na hasi, wasiwasi umezidi ukweli. Spika moja ikiunganishwa kinyume haiungui wala haiunguzi amplifaya. Koni husogea nyuma pale ambapo ingesogea mbele, na tofauti ni vigumu kuisikia. Tatizo huja zikiwa mbili au zaidi, kwa sababu moja ikisukuma hewa huku nyingine ikiivuta, sauti nzito hufutana, na muziki huwa mwembamba. Ncha chanya mara nyingi hutiwa alama nyekundu au ya kujumlisha. Ikiwa alama imefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za spika kwa sekunde moja tu kabla ya kuunganisha waya za amplifaya: koni ikiruka mbele, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Watengenezaji wachache, hasa wa spika za zamani, walifuata mpango ulio kinyume, kwa hiyo ukichanganya spika mpya na ya zamani zipime zote mbili.

Kabla ya kuwasha, pima kwa mita kwenye plagi ya waya wa spika. Kwa jumla ya omu 8 unatarajia kuona 6 au 7. Ukiona sifuri, waya zimegusana, na ukiona hakuna njia, kuna kiungo kilichoachia. Waya unaounganisha amplifaya na boksi uwe wa spika. Waya wa gitaa unafanana nao kwa plagi, lakini kiini chake ni chembamba mno kubeba mkondo wa spika. Washa volyumu ikiwa chini, na endapo amplifaya ni ya valvu na hakuna sauti yoyote, izime mara moja badala ya kuongeza volyumu ukitafuta tatizo. Sauti ikitoka nyembamba kuliko ulivyotarajia kutoka boksi la spika mbili, rudi kwenye chanya na hasi. Ikitoka kali au kavu kidogo, subiri: vishikizi vya koni mpya ni vikavu na hulainika kadiri inavyopigwa, ingawa mabadiliko hayo ni madogo na hayatageuza spika usiyoipenda kuwa unayoipenda. Spika uliyoitoa, ikiwa ndiyo ya asili ya amplifaya ya miaka mingi, usiitupe hata kama imeungua, kwani fundi wa spika anaweza kuiwekea koni na koili mpya, na mnunuzi wa amplifaya kama hiyo karibu daima huiulizia.